Mgeni Hewani: Redio za Mji wa Njia na Lugha za Wapitao

Mhadhara uliotolewa Tabora mbele ya walimu, waandishi wa habari, wanafunzi na wazee wa mji, katika wiki ya Siku ya Redio Duniani

Mwangaluka!

Upande huu wameitikia vizuri. Upande ule kimya. Ama ni wageni, ama ni watani zangu Wagogo wanaotafuta pa kunishika. Wote karibuni. Kamati imenionya kuhusu umeme, kwa hiyo ukikatika nitaendelea kwa sauti yangu, darasani tumezoea.

Nilipewa mada pana: redio na jamii. Nimeibana hadi swali moja. Kituo cha redio cha mahali kinapoona kwamba sehemu ya watu wanaoishi chini ya mawimbi yake wanasema lugha isiyo ya mahali hapo, je, kibadilishe ratiba yake ili kiwahudumie? Na lugha nitakayoanza nayo ni Kireno.

Nimesikia mguno. Kireno, Tabora? Hapa tuna Kinyamwezi, Kisukuma, Kiha cha waliohamia, Kirundi cha Ulyankulu, Kiarabu kidogo cha misikitini, na Kiswahili kinachotuunganisha sote. Nani anasema Kireno kati ya Kitete na Kwihara? Leo, karibu hakuna. Hata hivyo Kireno ni lugha ya wageni ambayo nchi hii iliwahi kuipa masafa yake kwa makusudi, ikijua inafanya nini, na tumeisahau kazi ile. Ndiyo maana naianzia.

Nitasema mapema ninachokiamini ili asiyekubaliana nami aanze kunoa swali lake. Mji uliojengwa na njia una deni kwa wapita njia, na redio ya mji huo inalibeba deni hilo. Lakini ukarimu hautoshi kuendesha kituo. Anayeipa lugha ya mgeni nafasi hewani lazima ajibu mambo matatu: nani atashika kipaza sauti, kwa ruhusa ya nani, na kwa muda gani. Penye majibu hayo redio imeokoa watu. Pasipo majibu hayo imewaua.

Hoja ya kwanza: Kireno kilishakutana na njia hii

Tumezoea kuifundisha njia ya misafara kama mstari mmoja: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Tabora, Ujiji. Kwenye ramani ya ukutani mstari unaishia kwenye maji ya Ziwa Tanganyika, mwalimu anafuta ubao, kengele inalia. Wanyamwezi wenyewe hawakuishia hapo. Katikati ya karne ya 19 Ngelengwa mwana wa Kalasa, Msumbwa wa huku kwetu magharibi, alishika njia ya biashara ya shaba aliyokuwa akiipita baba yake, akafika Katanga, akabaki huko na kujenga dola ya Garenganze yenye makao makuu Bunkeya. Dunia inamjua kwa jina la Msiri. Watu wake ndio Wayeke, na Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga na Kongo chini ya Tshombe, alitoka katika ukoo huo.

Biashara ya Bunkeya ilitazama bahari mbili. Kutoka mashariki ilikuja misafara ya Waswahili na Waarabu wa Unyanyembe, hapa kwetu Tabora, na Zanzibar; kutoka magharibi ilikuja ile ya Bié na Benguela, Angola ya leo, ya Waovimbundu pamoja na Wareno na machotara wao. Maria da Fonseca, mmoja wa wake wa Msiri, alitoka upande huo wa magharibi. Fikirini baraza la mtawala aliyetoka kwetu, ambamo siku moja unakatwa shauri la pembe zinazokwenda Tabora, na kesho yake la pembe zinazokwenda Benguela. Mkalimani hapo hakuwa mtu wa kuitwa mara moja kwa mwaka. Msiri aliuawa Disemba 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na njia ile ya bahari mbili ikakatwa na mipaka ya wakoloni.

Wala Bunkeya haikuwa peke yake. Mwaka 1852 wafanyabiashara watatu kutoka upande wa Zanzibar waliingia Benguela, pwani ya Atlantiki, wakiwa wamelikata bara zima. Verney Lovett Cameron, Mwingereza, alikuwa hapa Unyanyembe mwaka 1873 wakati Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, walipofika na mwili wake. Aliendelea magharibi, na huko Urua, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akamkuta José António Alves, mfanyabiashara wa kutoka Angola, akiwa jirani na Juma Merikani, mfanyabiashara wa upande wetu. Cameron alifuatana na Alves kwa sehemu kubwa ya safari iliyobaki na kufika pwani ya Angola Novemba 1875. Kiongozi wa wapagazi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani mpaka India. Vitabu vingi vinamtaja Cameron kuwa mtu wa kwanza wa Ulaya kulikata bara la ikweta kutoka mashariki hadi magharibi. Bombay naye alilikata bara lile lile, ila yeye hatajwi kuwa wa kwanza wa kitu chochote.

Sitakaa sana hapa. Nimetaka tu tuondoe dhana kwamba lugha ya mbali ni ajabu Tabora. Mji huu haukuwahi kuwa na lugha moja hata siku moja.

Hoja ya pili: tulikwisha kutangaza kwa Kireno, na tulijua sababu

Redio ya nchi hii ilianza Dar es Salaam mwaka 1951, wakati wa Waingereza. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, idara ya Serikali moja kwa moja. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka kwa taarifa ya habari na kwa bendi za dansi. Nataka niwakumbushe kazi yake nyingine, ambayo wengi wetu hatukuisikia kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili yetu.

Tarehe 25 Juni 1962 vyama vya Wamsumbiji waliokuwa uhamishoni viliungana Dar es Salaam na kuwa FRELIMO, Eduardo Mondlane akiwa rais wake. Mwaka uliofuata Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaiweka Kamati ya Ukombozi katika mji huo huo. Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza kaskazini mwa Msumbiji. Chama kilicho vitani kinahitaji silaha, chakula na dawa, na kinahitaji pia kusema na watu wake walio ng'ambo ya mpaka, ambako magazeti yanakaguliwa na redio ni ya mtawala. RTD, katika matangazo yake ya nje ya masafa mafupi, ikavipa vyama vya ukombozi muda wa kutangaza wenyewe. FRELIMO ilitangaza kwa Kireno na kwa lugha za Msumbiji.

Lipimeni jambo hili. Nchi changa, yenye mitambo michache na mafundi wachache, ambayo wananchi wake wengi vijijini hawakuwa hata na redio, iligawa saa zake za hewani kwa lugha ambayo raia wake hawakuielewa. Tena ilikuwa lugha ya mkoloni wa jirani, yule yule aliyekuwa akipigwa vita. Mtu angeweza kusema: Kireno ni lugha ya Salazar, mtawala wa Ureno, waambieni watu kwa Kimakonde tu! FRELIMO haikuona hivyo. Wapiganaji wake walitoka makabila mengi, wakahitaji lugha moja ya amri na darasa, nayo ikawa Kireno. Askari wa Kireno naye alikuwa na masikio, na kwa lugha hiyo hiyo angeweza kuambiwa kwamba vita anavyopigana havina mwisho mwema.

Na Kireno hicho hakikuwa hewani tu. Kilikuwa kwenye njia yetu ya misafara. Kongwa, karibu na Mpwapwa, pale ambapo mpango wa karanga wa Waingereza ulikufa na kuacha majengo matupu, palifunguliwa kambi ya wapigania uhuru mwaka 1964, na wa kwanza kufika walikuwa vijana wa FRELIMO. Samora Machel alipita hapo. Bagamoyo, mwanzo kabisa wa njia, FRELIMO ilikuwa na shule ya sekondari katika miaka ya 1970, na Graça Simbine, ambaye baadaye dunia ilimfahamu kama Graça Machel, alifanya kazi hapo. Kwa hiyo kulikuwa na miaka ambayo mtu akitembea njia ya zamani kutoka pwani kuja bara angesikia Kireno mwanzoni mwa safari, na angekisikia tena akikaribia Ugogo. Watani zangu, mnaona ninyi mlikuwa nacho kabla yetu. Nami nakubali kushindwa.

Tabora nayo ina mtu wake katika habari hii. Brigedia Jenerali Hashim Mbita, mzaliwa wa mji huu, aliongoza sekretarieti ya Kamati ya Ukombozi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka kamati ilipofunga kazi yake mwaka 1994. Kabla ya jeshi alikuwa mwandishi wa habari. Ninapoitazama Kamati ya Ukombozi chini ya mtu wa namna hiyo sishangai kwamba redio haikuachwa kuwa pambo.

Sasa yapimeni majibu matatu niliyoyataja. Nani alishika kipaza sauti? Wamsumbiji wenyewe, kupitia chama kinachojulikana na kinachoweza kuulizwa. Kwa ruhusa ya nani? Ya Serikali, katika mitambo ya Serikali, huku Afrika yote ikijua. Kwa muda gani? Mpaka uhuru. Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975, na Oktoba mwaka huo Rádio Moçambique ikaanzishwa Maputo. Mgeni akawa na kwake.

Kuna kisa kidogo cha kati ambacho sitaki kukiruka. Tarehe 7 Septemba 1974, siku ile ile makubaliano ya uhuru yaliposainiwa Lusaka, walowezi wenye hasira waliteka kituo cha redio cha Lourenço Marques, jina la zamani la Maputo, kilichoitwa Rádio Clube de Moçambique, wakakishikilia kwa siku chache. Watu waliokwisha kupoteza nchi walikimbilia kipaza sauti kabla ya kukimbilia kitu kingine. Walielewa vizuri kuliko baadhi ya wenye leseni wa leo kile walichokuwa wakikishika.

Hoja ya tatu: Ngara

Hapa nitakawia, na naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye mfano ulio karibu kabisa na swali letu: kituo cha mahali, watu wa lugha nyingine, na ratiba iliyopangwa kwa ajili yao.

Mwishoni mwa Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia wilaya ya Ngara. Ngara haikuwa na chochote cha kupokea umati huo. Kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa za wakimbizi duniani. Warundi nao walikuwa wamekwisha kuingia tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993.

Watu hawa walitoka katika nchi iliyokuwa imelipuliwa kwa sehemu na redio. RTLM, kituo cha watu binafsi mjini Kigali, kilianza kutangaza Julai 1993 kwa Kinyarwanda na Kifaransa. Kilipendwa. Kilikuwa na muziki, mzaha, watangazaji wenye ndimi nyepesi na lugha ya mtaani, mambo yale yale ambayo leo tunawafundisha vijana kwamba ndiyo yanayomvuta msikilizaji. Kisha mzaha ule ule ukataja majina ya watu na mahali walipojificha. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoketi Arusha, hapa hapa Tanzania, iliwatia hatiani Disemba 2003 wawili kati ya waliokianzisha kituo kile, pamoja na mhariri wa gazeti la chuki.

Sasa jiwekeni mahali pa mtu aliyependekeza mwaka 1995 kwamba watu hawa, waliotoka kusikiliza RTLM, wafunguliwe redio nyingine kwa lugha ile ile. Ningekuwa mkuu wa wilaya ningesitasita. Hata hivyo Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Ngara, mwaka huo wa 1995, kituo cha Radio Kwizera, kikitangaza kwa Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza.

Kwa nini haikuwa RTLM nyingine? Kwanza, mwenye kituo alikuwa shirika la huduma lisilogombea madaraka Kigali wala Bujumbura. Pili, kazi yake ilikuwa ya mambo yanayopimika: maji, chanjo, shule za kambini, ndugu waliopotezana, hali ya nyumbani kwa anayefikiria kurudi. Habari ya chanjo ikiwa ya uongo, jioni inajulikana. Uvumi unastawi mahali ambapo hakuna anayeweza kuuliza, na kambi yenye robo milioni ya watu waliotawanyika ni shamba la uvumi. Aliyekataa kuwapa lugha yao hewani hakuwa anawanyamazisha; alikuwa anawaachia wale wanaonong'ona usiku kati ya mahema, nao walikuwa wakinong'ona kwa Kinyarwanda safi.

Tatu, na hili ndilo linalonivutia zaidi, Kiswahili kilikuwamo katika ratiba tangu mwanzo. Mtu wa Ngara ambaye kuni zake zimekwisha na kisima chake kimekauka kwa sababu ya wageni hakufanywa mgeni katika redio ya wilaya yake mwenyewe. Nawaomba wenye vituo mliandike hilo. Ukiiongeza lugha ya mgeni, mwenyeji lazima abaki na saa zake nzuri, zile za asubuhi na za jioni. Ukimsogeza mwenyeji mpaka usiku wa manane ili mgeni apate taarifa ya saa mbili, umepanda ugomvi.

Kisha wakimbizi wakaondoka. Wanyarwanda wengi walirudishwa Disemba 1996. Warundi wa kambi ya Lukole walipungua mwaka hadi mwaka hadi kambi ikafungwa mwaka 2008. Kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya wageni kikabaki bila wageni. Vituo vingi vya namna hiyo hufa pale pale fedha za msaada zinapokauka. Radio Kwizera haikufa: iligeukia wenyeji, kwa Kiswahili, ikawa redio inayosikilizwa na Watanzania wa Kagera, Kigoma na mikoa ya jirani. Yaani ilibadilisha ratiba mara mbili, ya kwanza watu walipoingia na ya pili walipotoka. Sisi tukiulizana kuhusu lugha ya mgeni tunatazama mlango wa kuingilia tu. Mlango wa kutokea ndio mgumu, kwa sababu watangazaji uliowafundisha lugha moja sasa hawana wa kuwatangazia, na wafadhili waliokuwa wakilipia dizeli ya jenereta wameshahamia kwenye maafa mengine.

Na kutangaza kwa lugha ya mgeni hakuna uhusiano na umaskini wetu. Huko New Bedford, Massachusetts, mji wa zamani wa wavuvi wa nyangumi ambao meli zao zilileta watu kutoka visiwa vya Azores na Cape Verde, kuna kituo cha WJFD ambacho kimetangaza kwa Kireno kwa miongo mingi. Kinaishi kwa matangazo ya biashara ya watu wale wale.

Hoja ya nne: Ulyankulu, au pingamizi

Msikilizaji makini ameshainua mkono moyoni. Anasema: mwalimu, mbona umeruka Ulyankulu?

Sikuruka. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa Ulyankulu katika mkoa wetu huu, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Walilima, walifyeka miombo, walilisha soko letu. Hakuna aliyewafungulia redio ya Kirundi. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili, wakaoa na kuolewa, na zaidi ya 162,000 wakapewa uraia wa Tanzania, vyeti vikianza kugawiwa Oktoba 2014. Je, hii haionyeshi kwamba mgeni akinyimwa redio ya lugha yake hujifunza yetu upesi, akawa mmoja wetu?

Pingamizi hili ni zito na silikwepi. Naona linanisaidia. Wa 1972 walipewa ardhi na muda mrefu. Jibu la swali la tatu, kwa muda gani, lilikuwa vizazi. Kwa mtu anayekuja kukaa, Kiswahili ni haki yake kuliko Kirundi cha hewani, na redio ya mahali imsaidie kukipata. Wa 1994 walikuwa wanapita, katika hatari, na walihitaji kujua kesho maji yatagawiwa wapi. Huwezi kumfundisha ngeli mtu anayetafuta mtoto wake. Hata hivyo siwezi kusema kwamba wa Ulyankulu hawakupungukiwa na kitu. Mama aliyefika akiwa na miaka 50 mwaka 1972 aliishi na kuzeeka katika nchi ambayo redio yake haikumwambia neno alilolielewa hata siku moja. Kujifunza kwa watoto hakumfuti mama huyo katika hesabu.

Hoja ya tano, fupi: sheria, na swali la Kinyamwezi

Kanuni zetu za maudhui ya utangazaji zinamtaka mwenye leseni atumie Kiswahili au Kiingereza. Lugha nyingine ni mpaka apate idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Baadhi yenu mnaiona kanuni hii kuwa ukuta. Baada ya RTLM, mimi siwezi kuidharau. Mlango wa idhini umo ndani yake, na Ngara inaonyesha kwamba lugha za wageni zinaweza kupita.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo mzee mmoja aliniuliza mlangoni kabla sijaingia: iweje Kirundi kipate hewa, hata Kireno kiliwahi kupata, na Kinyamwezi kisipate? Nami niseme wazi. Sababu ya zamani, ya kujenga taifa, naiheshimu. Ukumbi huu hauko mbali na pale TANU ilipokutana Januari 1958 na kufanya uamuzi wa busara wa kushiriki uchaguzi, na mkutano ule usingewezekana kama kila mjumbe angekuja na lugha yake. Lakini taifa lililojengwa halitikiswi na nusu saa ya bibi anayeelekeza jinsi ya kutibu ng'ombe au kurina asali bila kuua nyuki. Ombi la Kinyamwezi liandikwe, lisomwe kwa vigezo vile vile vitatu. Ninachokataa ni kulitumia kama kisingizio cha kumnyima mgeni. Mama lishe wa stendi hulisha watoto wake na abiria wa basi la usiku, wala mmoja hali cha mwenzake.

Mbele yetu

Nimeahidi kutowaweka hapa mpaka magharibi, basi nitazame mbele.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Sasa reli mpya ya kisasa inajengwa kupitia hapa hapa: kutoka Makutupora kuja Tabora, kutoka Tabora kwenda Isaka, kutoka Tabora kwenda Kigoma, na tawi la kutoka Uvinza kuingia Burundi mpaka Musongati. Reli ikikamilika, Mrundi, Mnyarwanda na Mkongomani wa Kiswahili cha Kivu na cha Katanga watapita Tabora kwa wingi kuliko wakati wowote tangu misafara.

Upande wa pili wa bara, reli ya kutoka bandari ya Lobito, Angola, inafufuliwa kuelekea kwenye shaba ya Katanga. Lobito ni jirani wa Benguela, ndiyo njia ya Alves na ya Maria da Fonseca. Katika kampuni zilizopewa kuiendesha imo Mota-Engil ya Ureno, ambayo mwaka 2017 ilikuwa pia mshirika katika mkataba wa kipande chetu cha Dar es Salaam hadi Morogoro. Reli inayosema Kireno na reli inayosema Kiswahili zinaelekea kwenye shaba ile ile. Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Vijana wa Tabora wanaotafuta kazi ya ukalimani, uchukuzi au forodha wasiseme hawakuambiwa.

Siombi kituo chochote cha hapa kigeuke kuwa cha Kireno. Sina watu wa kukisikiliza, nanyi hamna fedha za kuchezea. Naomba mambo madogo. Vituo vya mji huu, VOT, CG FM na wengine, vikae pamoja kabla reli haijakamilika na kuhesabu ni nani wanaishi na kupita chini ya mawimbi yao: madereva wa malori ya Isaka na Nzega, wafanyabiashara wa Kigoma, wajenzi wa reli, watu wa Ulyankulu. Vichague lugha moja, pengine Kirundi kwa kuanzia, na muda mmoja mfupi usiogusa saa za mwenyeji. Habari ziwe za mambo yanayoweza kuhakikiwa: ratiba za treni, bei za mahindi na tumbaku, taratibu za mpakani, milipuko ya magonjwa. Mtangazaji awe mtu anayejulikana anakoishi, na kila neno linalotoka lirekodiwe na kuhifadhiwa, ili siku likilalamikiwa kuwe na cha kusikiliza. Tarehe ya kukipima kipindi iandikwe kabla ya kipindi kuanza, pamoja na nani atakayekuwa na uwezo wa kukisimamisha.

Wako vijana waliozaliwa Ulyankulu wenye diploma za uandishi wa habari, wanaosema Kirundi cha bibi zao na Kiswahili cha Tabora, na wako mitaani bila kazi. Waanzeni hao. Barua ya kuomba idhini ya TCRA ni ya ukurasa mmoja au miwili; kamati ya mhadhara huu ikitaka, mimi niko tayari kushika kalamu nayo wiki hii.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.